Nililiosha Chujio Likang'aa, Samaki Wakafa

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwezi wa pili, kaskazi imeshika na jua la Malindi halina huruma. Nilikuwa na wasaa mpaka adhana ya adhuhuri, nikasema leo namaliza lile jambo ambalo mke wangu amelisemea wiki nzima: chujio la bwawa linanuka. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na sponji nne zenye rangi ya kahawa, zinateleza kama bamia iliyopikwa ikalala. Nikazipanga kwenye karo la uani, nikafungulia mfereji, nikatia sabuni ya unga kidogo, nikasugua kwa brashi ya kufulia. Maji yalitoka meusi, yakaja kahawia, yakaja kama chai ya maziwa, mwisho yakatoka meupe kabisa. Sponji zikarudi samawati kama zilivyotoka dukani. Nikazirudisha mahali pake, nikawasha pampu, nikaenda kuoga na kuvaa kanzu, nikijiona mtu wa maana.

Jumapili alfajiri koi watatu, samaki wetu wa mapambo, walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Wanne waliobaki walijibana kwenye mdomo wa paipu, pale maji yanapoangukia, wanafungua na kufunga vinywa kama watu wanaosema kitu nyuma ya kioo. Mmoja wa waliokufa alikuwa yule mkubwa, mweupe mwenye doa jekundu mgongoni, ambaye binti yangu alimwita Bwana Harusi. Sitaeleza asubuhi ile ilivyokuwa nyumbani kwangu.

Maji yenyewe yalikuwa maangavu. Ungeangusha sindano ukaiona chini. Hilo ndilo lililonichanganya, na nadhani ndilo linalowachanganya wengi wenye bwawa la samaki wa mapambo: tunapima maji kwa macho.

Bwawa hili sikulichimba mimi. Nyumba tunayokaa, upande wa Silversand, alikaa Mwitaliano kabla yetu, na aliporudi kwao akatuachia koi saba, chujio moja jeusi la plastiki lenye umbo la keni ya maziwa, na karatasi ya maelekezo kwa Kiitaliano. Mtu wa Malindi asiyejua Kiitaliano cha kuuzia samaki au kubebea mizigo ni nadra, lakini Kiitaliano cha chujio sikukijua. Nikaweka karatasi kwenye droo.

Mzee mmoja aliyetunza mabwawa ya kuogelea kwenye nyumba za kifahari hapa mjini kwa miaka mingi ndiye niliyemwita. Alifika na baiskeli, akachutama kando ya bwawa, hakugusa kitu.

"Uliosha lini chujio?"

"Ijumaa, mzee."

"Kwa maji gani?"

"Ya mfereji."

"Matupu?"

"Na sabuni. Kidogo."

Akanitazama kitambo. "Mwanangu, basi hawa wanne wana bahati."

Mimi nilidhani chujio la bwawa ni ndugu wa kifumbu cha tui: kazi yake ni kuzuia machicha, na likijaa unalikung'uta. Kumbe kuzuia takataka ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua anapopumua, na amonia ni sumu kwake yeye mwenyewe. Mtoni au ziwani maji ni mengi, haimdhuru. Bwawani anaogelea ndani ya choo chake. Ule utelezi niliousugua ulikuwa mji mzima wa bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula naitraiti na kuigeuza naitreti, ambayo koi huvumilia na migomba huipenda. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Hushika mahali, kwenye sponji, kwenye mawe, kwenye kuta za paipu, na wanahitaji maji yanayopita yenye hewa. Maji ya mfereji yana klorini, ambayo imewekwa humo makusudi iue vijidudu ili tusiumwe matumbo. Nami nikaongeza sabuni.

Na hapa Pwani sumu hiyo ina makali zaidi kuliko kwa wenye mabwawa ya Ulaya. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja ya upole na moja ya kuua, na kinachoamua ni ipi itazidi ni joto pamoja na kiwango cha pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji. Kwenye maji ya pH 7 sehemu inayoua haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.5, maji yakiwa nyuzi 30, inakaribia asilimia 20. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa mpaka sufuria ya chai inaota ukoko mweupe, na pH yake iko juu. Kwa hiyo amonia ileile ambayo samaki wa mtu mwingine angeihimili, wangu inamchoma matamvua. Joto nalo linapunguza hewa: maji ya nyuzi 15 hubeba miligramu kama 10 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Samaki anahitaji hewa zaidi kwa sababu joto limemchangamsha, na maji yana hewa kidogo zaidi. Ndiyo maana walikimbilia paipu.

Koi hawa, kwa asili ya uzuri wao, ni wa Niigata huko Japani, mahali pa theluji. Wakulima wa mpunga walianza kuwachagua kwa rangi kwenye karne ya 19, na nchi nzima ikawajua walipoonyeshwa Tokyo mwaka 1914. Kule majira ya baridi samaki hutulia chini, hali, na chujio linapumzika. Kwetu hakuna likizo hiyo. Koi wa Malindi anakula siku 365 na kunya siku 365. Chujio lolote utakaloliona dukani limepimwa na mtu ambaye bwawa lake linalala miezi kadhaa kwa mwaka.

Nilipoitoa ile karatasi kwenye droo na kumpa jirani anisomee, mambo yakawa wazi. Juu ya kasha paliandikwa lita 12,000 kwa maandishi makubwa. Kwenye karatasi, kwa maandishi ya mchwa, iliandikwa: lita 12,000 kwa bwawa lisilo na samaki, 6,000 lenye samaki, 3,000 lenye koi. Bwawa langu nililipima kwa kamba: mita 4 urefu, 2.5 upana, 1.2 kina. Zidisha, ni mita 12 za ujazo, yaani lita 12,000. Yaani nilikuwa na robo ya chujio nililolihitaji, na robo yenyewe nikaiua kwa sabuni. Ukitaka ushauri mmoja tu wa kununua, ndio huo: tafuta mstari unaotaja koi kwa jina, na kama haupo, gawanya namba ya kasha kwa nne.

Wale wanne waliokolewa kwa njia ambayo ingemfurahisha mwoka mikate yeyote. Mzee alikwenda kwenye bwawa la tajiri mmoja, akarudi na sponji moja chafu ndani ya ndoo, imezama kwenye maji ya bwawa ilikotoka. Tukaiweka kwenye chujio langu kama unavyotia donge la kinyunga cha jana kwenye unga mpya. Tukabadilisha nusu ya maji kwa maji ya kisima, ambayo hayana klorini. Akanikataza kuwalisha kwa siku kumi. Na akanituma chumvi ya mawe, ile ya Gongoni isiyotiwa madini ya joto, kilo 12, kilo moja kwa kila lita elfu. Nilidhani ni dawa ya kienyeji. Sivyo: amonia ikianza kugeuzwa, naitraiti hupanda kwanza kabla ya kundi la pili la bakteria kukomaa, huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya kahawia isiyobeba hewa. Chumvi hushindana nayo mlangoni, kwenye matamvua. Nilinunua vipimo vya matone, na kila jioni baada ya alasiri nilikuwa natikisa vichupa kama mganga: manjano ni salama, kijani ni balaa. Ilichukua wiki karibu tano mpaka manjano ikawa manjano kweli. Huko kwenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Joto, kwa hili moja, lilinisaidia.

Wiki hizo tano nilikuwa na muda wa kufikiri, na nilichokuwa nafikiria ni birika la nyanya yangu, mama wa wazazi wangu.

Si birika la chai. Nimezaliwa Lamu, na nyumba za mawe za Mkomani zina birika ndani ya choo, tangi la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa, la kuogea na kutawadhia. Ndani yake wanawekwa samaki wadogo, urefu wa kidole, ili wale viluwiluwi vya mbu. Na chini, kwenye sakafu ya birika, limezikwa bakuli la Kichina, kauri yenye maua ya samawati, kinywa kikitazama juu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni pambo. Kazi yake niliiona siku ya kuosha birika: maji yanachotwa yote, kuta zinasuguliwa, na samaki wanabaki ndani ya bakuli na maji yao ya zamani. Halafu birika linajazwa taratibu, samaki wanatoka wenyewe. Kwa miaka yote niliyoishi mle sikuwahi kuona nyanya akilikausha lile bakuli. Ukilisogelea na kitambaa alikupiga kelele: "We! Liache hilo!"

Mimi nililikausha bakuli.

Tukaamua kujenga chujio jipya, mimi na mzee, na kusema kweli nimefurahia kazi hiyo kuliko samaki wenyewe. Kuna vitu viwili nilivikataa mwanzoni. Kimoja ni chujio la mchanga la bwawa la kuogelea, ambalo kila mtu mjini analo la kuuza likiwa limetumika: kinyesi cha koi hugandisha mchanga ukawa tofali, na pampu yake inakula stima kama mashine ya kusaga. Cha pili ni lolote lililofungwa kama keni, kwa sababu nitakayoieleza kwenye habari ya stima.

Kituo cha kwanza ni tangi la plastiki la lita 500, tumelizika ardhini mpaka kinywa chake kikalingana na bwawa. Tulitoboa ukuta wa bwawa chini kabisa, tukapitisha paipu ya inchi 4, maji yanakuja yenyewe bila kusukumwa. Hili ni muhimu. Ukiweka pampu bwawani kwanza, inasaga kinyesi kikawa uji, na uji hauchujiki. Paipu inaingia tangini kwa ubavu, maji yanazunguka polepole, takataka inakusanyika katikati chini kama majani ya chai ukikoroga kikombe. Hapo pana valvu. Kituo cha pili ni pipa la lita 200 lililojazwa nyavu. Ami yangu ni mvuvi, akanipa jarife lake kuukuu lililokwisha kazi. Nikalichemsha, nikalikata, nikaliviringa mafungu kama mikeka. Dukani wanauza brashi maalumu kwa bei ya mbuzi. Nyavu zinafanya kazi ileile, na zikitikiswa zinaachia uchafu vizuri.

Baada ya hapo ndipo pampu, na pampu inapandisha maji juu ya mnara wa kreti nne za matunda zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya kreti nimejaza vifuniko vya chupa. Vifuniko! Watoto wa mtaa waliviokota ufukweni kwa wiki mbili, nikawalipa kwa aiskrimu. Mji ulio karibu na watu wa Lamu walioweza kuunda jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa haukosi vifuniko. Maji yanaanguka kama mvua kupitia vifuniko, utando wa bakteria unashika kila upande, na kwa kuwa mnara uko wazi, hewa inaingia kwa wingi. Watu walinishauri nichanganye na magamba ya chaza ili chokaa yake itulize pH. Ni ushauri mzuri kwa mwenye maji laini, maana bakteria wanapofanya kazi hula chokaa ya majini. Kwa maji ya kisima changu ingekuwa kupeleka mchanga Shela, kule Lamu kwenye vilima vya mchanga.

Taa ya UV, ile ya miale isiyoonekana kwa macho, nimeweka, ndogo. Inaua mwani unaofanya maji kuwa kijani, basi. Haigusi amonia hata chembe. Globu yake hubadilishwa kila mwaka ingawa bado inawaka, kwa sababu miale inaisha kabla ya mwanga, na kioo chake kikipata ukoko wa chokaa nakisugua kwa ndimu.

Sasa stima. Pampu ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya wati 250, ambayo ni yuniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Tokeni zilikuwa zinayeyuka. Niliuza, nikanunua ya wati 80: yuniti 58 kwa mwezi, ghali dukani, rahisi nyumbani. Usiangalie bei ya pampu, angalia wati zake, kwa sababu haizimwi. Usiku haizimwi, mkisafiri haizimwi. Kila saa inayosimama, bakteria wanakosa hewa. Na stima yetu mnaijua. Kwenye lile chujio la keni, ikikatika kwa saa kadhaa, maji yaliyofungiwa ndani yanaoza, yananuka yai viza, na ikirudi usiku wa manane pampu inayasukuma yote bwawani wakati wewe umelala. Mnara wa wazi hauna hila hiyo. Vifuniko vinabaki vimelowa, vinapumua, na vinasubiri. Nimeongeza pampu ndogo ya hewa kwenye sola na betri, ya kuwapa samaki mapovu giza linapoingia. Ikiwa una chujio la kufungwa na stima imekaa sana, fungua valvu ya chini umwage kwanza kabla ya kuwasha. Hata kama ni saa nane ya usiku na una usingizi.

Matunzo yenyewe ni mepesi mno ukilinganisha na maneno haya yote. Kila asubuhi navuta valvu ya tangi kwa kuhesabu moja mpaka ishirini, maji meusi yanakwenda kwenye migomba. Kila Jumamosi natikisa nyavu kwenye beseni lenye maji ya bwawa, mafungu mawili tu, mengine yanangoja wiki ijayo. Maji ninayoyapoteza nafidia kwa kisima, kama sehemu moja ya kumi kwa wiki. Ikibidi kutumia ya mfereji, nayaacha kwanza kwenye pipa na dawa ya kuondoa klorini. Mara moja kwa mwezi naweka jerikani ya lita 20 chini ya mdomo wa paipu na kutazama saa. Pampu ikiwa na afya inajaa kwa sekunde 12, yaani lita 6,000 kwa saa, bwawa zima linapita kwenye chujio kila saa mbili. Ikichukua sekunde 20 najua kuna kitu kimenasa, na mara tisa kati ya kumi ni jani la mkungu.

Tuna koi tisa sasa. Wanne wa zamani na watano wadogo. Nafasi nahesabu lita 1,000 kwa samaki mmoja na sitaki mjadala, maana mdogo wa kidole leo atakuwa wa mkono mzima kesho. Adui aliyebaki ni kulasitara, ndege mla samaki, anayekuja alfajiri akasimama ukingoni kama ana miadi.

Kreti ya chini kabisa kwenye mnara haiguswi. Zile tatu za juu, vifuniko vikijaa tope, nasuuza moja, nangoja mwezi, nasuuza nyingine. Ya chini haijawahi kutolewa tangu tujenge. Imekuwa nyeusi, inateleza, mgeni akiiona anakunja uso. Binti yangu ameandika kwa wino mweupe ubavuni mwake: BAKULI. Wiki iliyopita msichana anayetusaidia kazi, mgeni kidogo hapa nyumbani, aliisogelea na brashi na ndoo ya sabuni, na kabla sijanyanyuka kitini nikasikia sauti ya mtoto kutoka dirishani:

"We! Liache hilo!"